Tovuti yangu imeshuka katika matokeo ya utafutaji baada ya kuhamishiwa mfumo mpya: nianzie wapi?

Uzi_na_Sindano

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiendesha tovuti inayoeleza utengenezaji wa cherehani. Nilianza na makala moja moja, kila nilipokutana na hitilafu ambayo sikuona imeelezwa vizuri mahali pengine: cherehani inayoruka mishono, uzi unaokatika karibu na sindano, mkanda unaoteleza, mashine inayogoma kuvuta kitambaa. Leo kuna makala 142, zote nimeziandika mwenyewe, na picha zake nyingi nimezipiga nikiwa nimeifungua mashine mezani.

Miezi minane iliyopita nilimpa mtaalamu kazi ya kuihamishia tovuti kwenye mfumo mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa haufunguki vizuri kwenye simu. Kikoa, yaani jina la tovuti, kilibaki kile kile, lakini anwani za kurasa zilibadilika zote. Sura mpya ilipendeza, na nilidhani nimepiga hatua. Kuanzia wiki ya tatu wasomaji walianza kupungua, na sasa wanaofika kupitia Google hawazidi thuluthi ya wale wa zamani. Makala yangu ya cherehani kuruka mishono, ambayo ilizoea kukaa nafasi ya pili au ya tatu, siku hizi siioni hata nikifungua ukurasa wa tano wa matokeo.

Nimejaribu mambo matatu. Nimeongeza neno «cherehani» katika karibu kila aya, nikisikia kwamba injini za utafutaji huhesabu maneno. Nimejaza orodha ya maneno muhimu katika tagi iliyotengwa kwa ajili hiyo kwenye msimbo wa kila ukurasa. Na kuna kampuni, ambayo sitaitaja, iliyonihakikishia kwamba kasoro yangu ni uchache wa viungo vinavyonielekea. Nikalipia viungo 200 kutoka tovuti nyingine. Sasa wananitaka nilipie awamu ya pili, wakisema ya kwanza ilikuwa ya kuandaa njia. Hakuna kilichobadilika.

Naomba ushauri wa watu wanaoifahamu kazi hii. Je, niendelee na viungo, niandike makala zote upya, au nirudi kwenye mfumo wa zamani?

Mpanga_Kurasa

Pole sana, ndugu. Nakusihi usilipie hiyo awamu ya pili, na usiguse makala hata moja kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Tovuti iliyosomwa miaka mingi ikaanguka ndani ya wiki chache baada ya kuhamishwa haikuangushwa na maandishi, maana maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni njia ya kuyafikia.

Ukurasa hupitia ngazi tatu kabla ya msomaji kuuona katika matokeo. Kwanza roboti ya injini ya utafutaji, ambayo kwa Google huitwa Googlebot, huufikia na kuusoma. Pili, injini huamua kama inauweka katika faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozihifadhi kwa ajili ya matokeo, au inauacha. Tatu, mtu anapouliza swali, kurasa zilizomo katika faharasa hupangwa kwa kuangalia ni ipi inayolifaa swali hilo zaidi. Mambo yote matatu uliyoyafanya yanalenga ngazi ya tatu, nami nina shaka kubwa kwamba kurasa zako zinakwama katika ya kwanza na ya pili.

Ingia kwenye Google Search Console, huduma ya bure ambayo kila mwenye tovuti anapaswa kuwa nayo, kisha fungua ripoti ya kurasa zilizoorodheshwa. Usitegemee kuandika «site:» pamoja na jina la kikoa kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu idadi inayotokea pale ni makadirio tu na haionyeshi kurasa zote. Ripoti itakuambia ni kurasa ngapi zimo katika faharasa, ngapi hazimo, na kwa sababu gani. Soma sababu moja moja: kuna kurasa zinazojulikana lakini hazijasomwa, kuna zilizosomwa zikaachwa, kuna zilizozuiwa, na kuna zile zinazohesabiwa kama hazipo ingawa seva inajibu kwamba zipo.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye ripoti ya utendaji, linganisha miezi mitatu ya kabla ya kuhama na miezi mitatu iliyopita, na uangalie maonyesho (mara ambazo kurasa zako zimetokea katika matokeo) na mibofyo kila kimoja peke yake. Maonyesho yakiwa yameanguka pamoja na mibofyo, basi kurasa hazipo au zimeshuka sana. Maonyesho yakiwa palepale huku mibofyo ikipungua, basi kurasa zipo lakini watu hawazichagui, pengine kwa sababu ya kichwa kibaya, au kwa sababu injini yenyewe imeanza kutoa jibu juu ya matokeo na mtu haoni haja ya kubofya. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na ukiyachanganya utatibu lile usilonalo.

Sasa nieleze ninachokihofia zaidi. Umesema anwani zote zilibadilika. Kila anwani ya zamani ilipaswa kuwekewa elekezo la kudumu, lile linalojulikana kwa namba 301, linalompeleka msomaji na roboti kwenye anwani mpya ya makala ile ile. Makala ya mishono ya zamani iende kwenye makala ya mishono mpya, ya mkanda iende kwenye ya mkanda. Mafundi wengi, kwa haraka, huandika mstari mmoja tu unaozitupa anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa macho ya mwenye tovuti hakuna kosa linaloonekana, kwa sababu hakuna anayekutana na ukurasa wa hitilafu. Kwa Google, anwani iliyoelekezwa kwenye ukurasa usiofanana nayo kwa kawaida huchukuliwa kama ukurasa uliokufa, na heshima yote ambayo anwani ile ilikuwa imejikusanyia, yaani viungo vya watu walioisoma na kuipendekeza, haifiki kwenye makala mpya.

Jaribu sasa hivi: chukua anwani moja ya zamani, ibandike kwenye kivinjari, uone inakutua wapi. Kama huzikumbuki, ripoti ya utendaji huhifadhi takwimu za miezi 16. Umehama miezi minane iliyopita, kwa hiyo bado unayo miezi minane ya enzi ya zamani, pamoja na anwani zote zilizokuwa zikionyeshwa. Zipakue leo, maana kila siku inayopita inafuta siku moja ya mwanzo. Zisizopatikana humo unaweza kuzitafuta katika Wayback Machine ya shirika la Internet Archive, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za zamani.

Kagua pia vitu viwili vidogo vinavyosahaulika. Wakati wa ujenzi, mafundi huweka agizo la noindex ili tovuti ya majaribio isionekane hadharani, kisha wanahama nalo. Fungua makala kadhaa kutoka kila sehemu ya tovuti na uzipitishe kwenye kifaa cha kukagua anwani kilichomo Search Console. Halafu soma faili la robots.txt. Haya mawili watu huyachanganya sana: robots.txt huizuia roboti isisome ukurasa, lakini haizuii anwani yake isionekane katika matokeo, wakati noindex huutoa ukurasa katika faharasa, ila ni lazima roboti iruhusiwe kuusoma ndipo ilione agizo hilo. Ukiweka yote mawili kwa pamoja, la pili halionekani kamwe.

Rudi utuambie ulichokiona, tutaendelea kutoka hapo.

Neno_Kwa_Neno

Naunga mkono mpangilio huo, na ninaomba kuongeza kuhusu maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Ndugu Uzi_na_Sindano, yaondoe yale maneno «cherehani» uliyoyapachika. Kurudia neno ili kuipendeza injini ni jambo ambalo Google imeliweka wazi katika kanuni zake kuwa ni udanganyifu, na hata lisingekuwa hivyo linamchosha msomaji, ambaye ameshajua kwamba anasoma kuhusu cherehani. Ile tagi ya maneno muhimu nayo iache tu. Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Nasikitika kila ninapoona watu bado wanauziwa huduma ya kuijaza.

Kichwa cha ukurasa ndicho chenye uzito, nami nimeyatembelea makala yako kadhaa kabla ya kuandika haya. Ile ya mishono sasa hivi ina kichwa hiki: «Makala ya 14: Hitilafu za Uundaji wa Mshono». Ni sahihi, lakini hakuna mtu aliyekaa mbele ya mashine inayomsumbua usiku, kitambaa cha mteja kikimsubiri, atakayeandika «hitilafu za uundaji wa mshono». Ataandika «cherehani inaruka mishono», au «cherehani haikamati uzi wa chini», au «kwa nini cherehani inaruka nyuzi». Hizo ni namna tatu za kulitaja tatizo moja, na zote zipo katika orodha ya maswali kwenye ripoti yako ya utendaji. Ifungue, chagua makala hiyo peke yake, na usome watu walitumia maneno gani kuifikia zamani. Wasomaji wako wameshakuandikia kichwa.

Mimi ningeiita: «Cherehani inaruka mishono: anza kwa kukagua sindano». Kisha aya ya kwanza itoe jibu hapo hapo, kwamba sindano iliyopinda, iliyochakaa au iliyowekwa vibaya ndiyo ya kwanza kushukiwa, ikifuatiwa na sindano isiyolingana na kitambaa na uzi uliopitishwa visivyo. Makala yako ya sasa ina aya nne kuhusu historia ya mshono kabla ya kulitaja neno sindano. Aya hizo ni nzuri, nami nimezifurahia, lakini mahali pake ni chini, au katika makala ya peke yake.

Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa katika matokeo hayaupandishi ukurasa wenyewe, lakini humsaidia mtu kuamua kama anabofya, kwa hiyo yaandike kama mtu anayemjibu mwenzake. Ujue tu kwamba Google mara nyingi huyabadilisha, pamoja na vichwa pia, ikiona kipande kingine cha ukurasa kinalijibu swali vizuri zaidi.

Kuhusu urefu wa makala, usimsikilize anayekupa idadi ya maneno. Google imesema hakuna idadi inayoitaka. Kinachotakiwa ni swali liishe. Picha zako za mashine iliyofunguliwa, zenye kidole kinachoonyesha skrubu yenyewe, ni kitu ambacho mwandishi asiyewahi kuishika mashine hawezi kukiiga, na ningeziwekea kila moja maelezo yake ya maandishi ili hata roboti na msomaji asiyeona wajue kinachoonyeshwa.

Mzani_wa_Viungo

Nami niseme neno kuhusu vile viungo 200, kwa kuwa hapo ndipo fedha zako zilipokwenda.

Viungo vina maana kweli. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998 walikuja na wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa unaoheshimiwa una uzito kuliko wa ukurasa usiojulikana. Wazo hilo, PageRank, ndilo lililowapa watu hamu ya kununua ushahidi. Mwaka 2012 Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin yakilenga hasa biashara hiyo, na tovuti nyingi zilianguka. Tangu mwaka 2016 Penguin hufanya kazi muda wote kama sehemu ya mfumo mkuu, na badala ya kuishusha tovuti nzima, kwa kawaida huvipuuza tu viungo vyenye dosari. Ndiyo maana hukuona chochote: inaelekea umelipia viungo ambavyo havihesabiwi.

Fungua sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wakaguzi katika Search Console. Kama hakuna onyo humo, usihangaike na kile kifaa cha kuvikana viungo, yaani cha kuiambia Google isivihesabu. Kinawafaa waliokwisha kuadhibiwa au wanaojua kwamba adhabu iko njiani, na ukikitumia vibaya unaweza kuvikana hata vile vizuri ulivyovipata kwa jasho. Kama lipo onyo, kwanza omba viungo hivyo viondolewe, ndipo uvikane vinavyobaki, na uwaandikie kwa ukweli ulichokifanya. Kiungo kilicholipiwa si kosa kikitangazwa kuwa ni tangazo, kwa kuwekewa alama ya sponsored au nofollow ndani ya msimbo wake. Kosa ni kukificha ili kionekane kama pongezi ya bure.

Viungo ambavyo ungeanza navyo ni vya ndani ya tovuti yako mwenyewe, ambavyo hakuna anayekuuzia. Je, makala ya mishono inamwelekeza msomaji kwenye makala ya kuchagua sindano? Je, ya sindano inarudi kwenye ya mishono? Nimeitazama sehemu yako ya «Hitilafu za Kawaida»: inaonyesha makala kumi, na chini yake kuna kitufe cha «Onyesha zaidi». Nilipouangalia msimbo, kitufe hicho hakina anwani yoyote; kinasubiri kubofywa ndipo kilete makala nyingine. Googlebot haibofyi vitufe. Hufuata viungo vyenye anwani ndani yake. Kwa hiyo makala ya kumi na moja na zote zinazoifuata katika sehemu ile haziunganishwi na ukurasa wowote, isipokuwa kama zimo katika ramani ya tovuti, lile faili linaloiorodheshea roboti anwani zako, na hata zikiwemo, ukurasa usioelekezwa na ndugu zake huonekana kama hauna umuhimu nyumbani kwake.

Kasi_Kwanza

Wenzangu wamesema mengi ya kweli, ila naona kasi ya tovuti imesahauliwa. Nimeipima tovuti hii, na picha kubwa ya juu inachukua sekunde tano na ushei kuonekana kwenye simu. Kipimo ambacho Google inakitaja kuwa kizuri ni sekunde 2.5 au chini yake. Pia maandishi yanaruka tangazo linapoingia, jambo ambalo nalo lina kipimo chake, kisichopaswa kuzidi 0.1. Mimi ningeanza na hayo kabla ya yote.

Mpanga_Kurasa

Ndugu Kasi_Kwanza, vipimo vyako ni sahihi na picha hizo zipunguzwe uzito, kwani msomaji mwenye mtandao dhaifu anaumia. Lakini sikubali kwamba tuanze hapo. Kasi ni moja ya mambo yanayotazamwa ukurasa ukiwa umeshaingia katika faharasa, na Google yenyewe inasema kwamba ukurasa wenye jibu bora unaweza kuwa juu hata kama uko nyuma kwa kasi. Ukurasa ambao haumo katika faharasa hata ukifunguka kwa nusu sekunde hautaonekana. Tumpe mwenzetu kazi kwa mfuatano ambao utamrudishia wasomaji.

La simu lina sura nyingine ambayo ni nzito kuliko kasi: kwa sasa Google husoma na kuorodhesha tovuti kwa kutazama toleo la simu. Kama fundi aliondoa sehemu za maandishi kwenye simu ili ukurasa uonekane mwepesi, basi kwa Google sehemu hizo hazipo. Ndugu Uzi_na_Sindano, fungua makala moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, uzisome sambamba.

Uzi_na_Sindano

Ndugu zangu, nimechukua muda kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu, si na maswali mengine.

Anwani za zamani zilikuwa zinaelekezwa zote kwenye ukurasa wa mwanzo, kama Mpanga_Kurasa alivyohofia. Nilibandika ya kwanza, ikanitua mwanzo. Nikabandika ya pili, mwanzo. Nikaendelea mpaka ya kumi na mbili nikiwa nimeduwaa. Nilikuwa nimemlaumu kila mtu isipokuwa kitu hicho, ambacho ningeweza kukiona kwa dakika moja.

Ripoti ilionyesha kwamba kati ya makala 142, ni 38 tu zilizokuwemo katika faharasa. Sehemu nzima ya «Mashine za Umeme», yenye makala 31, ilikuwa na agizo la noindex lililobaki tangu wakati wa majaribio. Nyingi kati ya zilizosalia zilikuwa zile za nyuma ya kitufe cha «Onyesha zaidi». Toleo la simu, namshukuru Mungu, lina maandishi yote.

Nilipakua anwani za zamani kutoka ripoti ya utendaji nikapata 127, na nyingine 15 nikazipata katika Wayback Machine. Kwa jioni mbili nilitengeneza jedwali lenye safu mbili, ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, nikihakikisha kila mstari kwa macho yangu. Fundi, ambaye nilimweleza bila ugomvi naye akalipokea vizuri, aliyaweka maelekezo hayo, akaliondoa lile agizo, na akakibadilisha kitufe kuwa kurasa zenye namba na anwani zake. Viungo vya kulipia nimeviacha. Hakuna onyo lolote lililotolewa dhidi yangu, na kampuni ile nimeiambia sihitaji awamu ya pili.

Vichwa nimebadilisha 20 tu mpaka sasa, nikianza na zile zilizosomwa zaidi, kwa kutumia maneno ya wasomaji wenyewe kama Neno_Kwa_Neno alivyoelekeza. Ilinigusa kuona kwamba watu 40 na zaidi waliifikia makala ya mkanda kwa kuandika «cherehani inazunguka gurudumu bila kushona», maneno ambayo mimi, baada ya miaka yote hii, sikuwahi kuyaandika popote.

Leo ni wiki ya sita. Makala 117 zimo katika faharasa, na ile ya mishono imerudi kwenye wastani wa nafasi ya sita. Wasomaji hawajafikia idadi ya zamani, lakini mstari umegeuka na unapanda.

Nina swali moja lililobaki. Katika kupitia jedwali nimegundua kwamba nina makala tatu kuhusu sindano, nilizoziandika miaka tofauti, na zote zinajibu swali lile lile kwa maneno yanayokaribiana. Katika ripoti naziona zikibadilishana nafasi: wiki hii moja iko ya kumi na nane, wiki ijayo nyingine iko ya ishirini na mbili. Je, nizifute mbili?

Neno_Kwa_Neno

Hongera, umefanya kazi ya kupigiwa mfano, hasa lile jedwali.

Usizifute hivi hivi. Zifungue zote tatu pamoja na uulize ipi ina viungo vingi kutoka nje na ipi imeonyeshwa mara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo itakayobaki. Kutoka kwa nyingine mbili chukua kila kilicho bora, kama vile picha, jedwali la namba za sindano au maelezo ya kitambaa kizito, ukihamishie kwenye ile inayobaki mahali panapostahili, mpaka msomaji wa zile mbili asikose kitu. Ndipo uziwekee hizo mbili elekezo la 301 kwenda kwenye inayobaki, na ubadilishe viungo vya ndani ya tovuti vielekee moja kwa moja huko, visipitie kwenye anwani zilizofungwa.

Ila zisome kwanza kwa makini kabla ya kuziunganisha. Kama moja inamfundisha mtu kuchagua sindano dukani na nyingine inamfundisha kuibadilisha sindano iliyovunjika ndani ya mashine, hayo si maswali mamoja hata kama neno ni moja, na dawa yake ni kuzitofautisha vichwa, si kuziunganisha.

Mpanga_Kurasa

Nakubaliana. Na maelekezo yote uliyoyaweka, haya mapya na yale ya jedwali, yaache mahali pake kwa mwaka mmoja kwa uchache. Mimi huyaacha daima, kwa sababu hayagharimu kitu na bado kuna watu waliohifadhi anwani za zamani kwenye simu zao. Hakikisha tu kwamba ramani ya tovuti ina anwani mpya peke yake, maana anwani ya zamani ikibaki humo unaitumia roboti ujumbe wa aina mbili kwa wakati mmoja. Zile makala 25 ambazo bado hazijaingia, zipitishe moja moja kwenye kifaa cha kukagua anwani na utuletee sababu iliyoandikwa kwa kila moja.

Uzi_na_Sindano

Nimezisoma. Mbili ni swali moja, ya tatu ni ya kuitoa sindano iliyovunjikia ndani, kwa hiyo nitaunganisha mbili na ya tatu nitaibadilisha kichwa. Zile 25 nimeanza kuzipitisha leo asubuhi. Nane za kwanza zote zinasema zimejulikana lakini hazijasomwa, na nilipoangalia, hakuna makala nyingine hata moja inayozielekea. Naanza kuziwekea viungo jioni hii.